Mama Mkwe na Kichwa cha Kijani

Jumamosi, 5 Julai

Naanza kuandika leo kwa sababu nyumba hii imepata mtu ambaye siwezi kumjibu, na majibu yasipotokea mdomoni lazima yatafute mlango mwingine. Mama mkwe amefika. Paa la nyumba yake linaezuliwa na kuezekwa upya, na mafundi wamemwahidi wiki tatu. Mimi mwenyewe ni fundi, wa intaneti, kwa hiyo wiki tatu za fundi nazijua. Atakaa kiangazi kizima.

Amekuja na sanduku la nguo, redio yake ya zamani, na kopo la mafuta ya mgando linalotosha kupaka kikosi cha jeshi. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kusoma mita za maji na tabia yake ni kutoingilia mambo, alilibeba kopo hilo kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Mama mkwe hakuketi. Alisimama mbele ya televisheni, akapitisha kidole kwenye kioo, akakitazama kidole, kisha akanitazama mimi.

"Mna vumbi," akasema.

"Wanachimba barabara, Mama."

"Barabara iko nje."

Nina mwaka mmoja na nusu katika ndoa, na hii ni mara ya kwanza anakuja kukaa. Nataka anipende. Naliandika hapa kwa kuwa sitalisema popote.

Jumapili, 6 Julai

Leo nimeng'ara. Baada ya chakula mama mkwe aliongea kwa video na binti yake wa mwisho, wifi yangu, anayeishi ng'ambo na ana mimba ya kwanza. (Utani wa wifi na intaneti nimeusikia tangu siku ya harusi. Tuupite.) Walipomaliza akaniuliza uso wa mwanawe unapitaje ukutani. Swali kama hilo sijawahi kuulizwa nyumbani kwangu. Mume wangu huuliza tu kama ipo au haipo.

Nikamwonyesha ruta juu ya kabati, na waya mwembamba wa faiba unaoingia kwa chini. "Ndani ya waya huu, Mama, kuna uzi wa kioo kama unywele, na ndani ya uzi unapita mwanga. Hapa mwisho kuna hiki kichwa cha kijani. Mwanga unatokea katikati yake, mahali padogo kuliko punje ya chumvi. Chembe moja ya vumbi ikikaa pale, basi, mambo yanakwama. Ndiyo kazi yangu kutwa. Kichwa hiki lazima kisafishwe, Mama. Watu hawakisafishi, ndiyo maana wanateseka."

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo mwanawe hajaliweza.

"Kumbe kazi yako ni usafi," akasema.

Sijui kama nilisifiwa au nilishushwa cheo. Kisha akasema neno ambalo ndilo litakalotawala kiangazi hiki: mtoto atazaliwa Septemba, naye anataka kumwona siku hiyo hiyo, kwa macho yake, na hasa masikio. Katika ukoo wao masikio yamekunjwa kwa juu kidogo, kama ukurasa uliowekewa alama. Mume wangu anayo. Mama mkwe anayo. "Nikiona masikio," alisema, "nitajua mjukuu wangu kafika nyumbani."

Nikamwambia, "Mama, utayaona mpaka uyahesabu." Mdomo huu utaniponza.

Jumanne, 8 Julai

Kazini. Kipenga kapuliza tena.

Kipenga ni fundi mwenzangu, mkongwe kuliko sote. Jina limetokana na pengo la meno ya mbele linalopiga mluzi kila anapopuliza, naye hupuliza kila kitu: kibodi, simu, chai, na kichwa cha faiba. Leo nilimshika mkono.

"Pumzi ina maji," nikamwambia, "ina mate, na yako ina kitunguu."

"Dada yangu, nimeanza kupuliza wewe ukiwa darasa la pili, na mwanga unapita."

Nikachukua hadubini ya ofisi nikamwonyesha kichwa kabla hajapuliza na baada. Kabla, vijichembe viwili. Baada, kioo cha dirisha wakati wa mvua. Akatazama kwa muda mrefu.

"Panapendeza," akasema.

Nikampa pakiti yangu ya vitambaa visivyoacha nyuzi. Akashukuru sana, akaitia mfukoni.

Alhamisi, 17 Julai

Mama mkwe anaamini kwamba kitu kisichong'aa hakijasafishwa. Viatu vinang'aa. Meza inang'aa. Vitasa vya milango vinang'aa, na mume wangu leo asubuhi alizungusha kitasa cha bafu mara nne kabla hakijamtii.

Nimemkuta anaipangusa televisheni, ikiwa inawaka, kwa kitambaa kinachotiririka maji ya sabuni. Nikajikaza nikasema kwa upole: zima kwanza Mama, chomoa umeme, tumia kitambaa kikavu laini, na ukitaka unyevu, nyunyizia kitambaa, usinyunyizie kioo. Akanijibu kwamba redio yake ameisafisha miaka thelathini na inaongea hadi leo. Ni kweli inaongea. Inaongea kama mtu mwenye mafua.

Jumamosi, 19 Julai

Rimoti imeniteleza mkononi ikaangukia kwenye bakuli la mchuzi. Nikatoa betri, nikaifungua, nikaisafisha kwa brashi na spiriti, nikaiacha ikauke. Mama mkwe akanusa.

"Hiyo ni nini?"

"Spiriti, Mama. Inakauka haraka, haiachi maji ndani."

"Na unaiweka chumbani mwenu?"

Tangu hapo nikirudi kutoka kazini ananikaribisha kwa kunikumbatia, na huku ananusa kama nimekunywa.

Jumapili, 20 Julai

Simu ya wifi imekatika katikati. Ruta inawasha taa nyekundu. Nikapanda kiti, nikachomoa kichwa cha kijani, nikakipitisha kwenye kitambaa mara moja, nikakirudisha. Taa ikawa ya kijani. Mama mkwe alitazama yote haya kwa makini sana.

Jumatatu, 21 Julai

Nyekundu. Kiti. Kitambaa. Kijani.

Jumatano, 23 Julai

Nyekundu. Kiti. Kitambaa. Kijani. Mume wangu ameuliza kama fundi wa intaneti yetu ni mtu wa kuaminika.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimebadilisha waya mzima. Siku mbili, safi. Leo nyekundu.

Na hata pale inapokubali, mama mkwe anasema binti yake yumo ndani ya ukungu. "Namwona kama mtu aliye nyuma ya pazia la bafu." Nikamwambia ni intaneti, itatulia. Wifi naye kutoka ng'ambo anauliza kwa nini mama yake amepauka, ni mgonjwa? Mama mkwe akaapa kwa sauti kubwa kwamba ni mzima. Wifi hakuamini, akaanza kulia, mjamzito tena, na hapo picha ikaganda mdomo wake ukiwa wazi. Mama mkwe alikaa akiutazama mdomo ule mpaka kioo kikazima chenyewe.

Nimepita mitaa yote ya mji huu nikiwaunganisha watu na jamaa zao. Kwangu kunawaka nyekundu. Wahenga walisema mganga hajigangi, ila hawakusema mganga anajisikiaje.

Jumanne, 5 Agosti

Kipenga ameomba pakiti nyingine ya vitambaa. Nimefurahi. Mtu mzima akibadilika ni jambo la kushangilia.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimempata mhalifu. Ni mjusi.

Anaishi nyuma ya kabati. Nimemwona kwa macho yangu akitokea kwenye ruta, akasimama, akanitazama kama mpangaji aliyelipa. Nimeziba ufa kwa gundi ya karatasi, nimefunga matundu yote, nimeweka maganda ya vitunguu saumu. Mama mkwe anasema mjusi hana kosa. Nikamwambia, "Mama, huyu namjua."

Jumapili, 17 Agosti

Nyekundu. Mama mkwe amesema, bila kunitazama, kwamba kwa mwanawe mkubwa intaneti haisumbui. Mke wa yule shemeji yangu hajui hata ruta inakaa chumba gani. Nimekunywa maji.

Jumamosi, 30 Agosti

Hadubini ni mali ya ofisi na hulala ofisini. Nyumbani niliona sina haja nayo, nina macho. Leo nimeiazima. Nikachomoa kichwa cha kijani nikatazama.

Mafuta. Si chembe, si alama ya kidole. Mafuta matupu, na vumbi limenata juu yake kama sukari juu ya andazi.

Nikaketi nikafikiri kama mtaalamu. Mjusi hana mafuta kiasi kile. Yanatoka wapi mafuta ndani ya nyumba? Jikoni. Moshi wa kukaanga unapanda, unatua. Ni sayansi. Nimepiga marufuku kukaanga mpaka mtoto azaliwe. Kila kitu kitachemshwa.

Mume wangu alikichukua kikaango akakirudisha kabatini.

Alhamisi, 4 Septemba

Viazi vya kuchemsha. Nyekundu.

Jumanne, 9 Septemba

Lazima niandike, maana leo nimefanya jambo ambalo mkwe hafanyi.

Mteja wa asubuhi hakuwepo kwake, nikapita nyumbani kunywa chai. Mlango ulikuwa wazi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kabati, miwani puani, kopo la mafuta ya mgando limefunguliwa mapajani. Mkono wa kulia alikuwa na kipande cha fulana kuukuu ya mwanawe. Mkono wa kushoto alikuwa na kichwa cha kijani. Alikuwa anakisugua polepole, kwa upendo, anazungusha, huku akiimba chini chini. Kisha akakiinua usawa wa jicho, akakunja uso, akachungulia ndani kuona kama kimetakata.

Nikapiga kelele. Si kelele za mkwe. Ni zile ninazowapigia vibarua wakitaka kushika nguzo ya umeme. "WEKA CHINI! Unataka kupofuka?"

Kwa haki, huku mwisho wa nyumbani mwanga wake ni hafifu. Lakini hauonekani, jicho linaupata bila mwenyewe kujua, na kanuni ya kazi yetu haichagui nyumba: hakuna anayechungulia. Hayo nayaandika sasa. Pale nilipiga kelele tu.

Mama mkwe aliweka waya chini. Akafunga kopo. Akavua miwani akaikunja.

"Umenifokea," akasema.

"Mama, tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu ile Jumapili ulipopanda kiti. Si ulisema mwenyewe lazima kisafishwe? Nikaona mwanangu anatoka asubuhi, anarudi kachoka, na bado anapanda kiti. Nikasema nitamsafishia mimi, kila asubuhi akishatoka. Na kadiri picha ilivyokuwa mbaya ndivyo nilivyosugua." Akaikunja fulana mapajani. "Sikukwambia. Wema wa kutangaza si wema."

"Na mafuta, Mama?"

"Kitu kikavu vile, kisipopakwa si kitapasuka?"

Niliona aibu mpaka masikioni, na hasira ilikuwa bado haijatoka, na viwili hivyo havikai sahani moja. Wiki zote hizi nilidhani ananipima. Kumbe alikuwa ananisaidia. Nilitaka kusema hivyo, nikashindwa, nikaenda kazini bila chai.

Niliporudi sanduku lake lilikuwa mlangoni. Mume wangu alikuwa amesimama kati ya sanduku na mimi.

"Mimi simo," akaanza kama kawaida. Kisha, sijui kilimwingia nini, akaongeza: "Mama kasafisha. Wewe umefoka. Mimi nimekula vya kuchemsha siku kumi kwa kosa la mjusi. Mwenye haki katika nyumba hii ni mjusi peke yake."

Ni maneno mengi kuliko aliyosema siku ya harusi yetu.

Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, nikamwomba radhi kwa sauti niliyomfokea nayo. Akatazama dirisha. Nikaleta hadubini, nikamwonyesha kichwa cha kijani kwenye kioo chake, waya ukiwa umechomolewa pande zote mbili ili pasiwe na mwanga. "Hii ni kazi yako ya leo, Mama." Akasogeza miwani. Akatazama mafuta, akatazama vumbi lililonata.

"Huu uchafu," akasema, "nimeutia mimi?"

"Kwa nia njema, Mama."

"Nia njema haionekani hapa."

Nikachukua kitambaa kipya, nikatia tone la spiriti, nikapitisha kichwa mara moja upande mmoja bila kurudi nyuma, kisha nikapitisha kwenye sehemu kavu. Nikamwonyesha tena: duara jeupe, safi, na kitone katikati. Aliguna. Kisha akaniuliza swali lililonimaliza.

"Na kule kinakoingia, napo husafisha?"

Nikatazama tundu la ruta.

"Maana kikombe huwezi kukiosha ukakirudisha kwenye kabati chafu."

Wiki zote hizi nimefuta kichwa, nikakirudisha kwenye tundu la ruta lenye mafuta. Wateja wangu nawaimbia wimbo huo kila siku: safisha pande zote mbili, upande mmoja ukiwa mchafu zitagawana uchafu. Na kwangu, kwa haraka, kwa kiburi, nimesafisha nusu. Hata waya mpya niliuingiza kwenye tundu lile lile. Nilimwambia ukweli. Mama mkwe alinitazama sana, na nadhani palitokea kitu mdomoni mwake, kidogo, kama tabasamu linaloomba ruhusa.

"Nitakaa mpaka mtoto azaliwe," akasema. "Nikiyaona masikio siku hiyo, haya ya leo yamekwisha, wala sitayataja. Nisipoyaona, nakwenda kwa mwanangu mkubwa, na wewe utabaki na mjusi wako."

Sanduku halijaondoka mlangoni.

Alhamisi, 11 Septemba

Kijani tangu juzi. Tumekaanga samaki. Mume wangu alikula kama aliyetoka jela.

Mama mkwe ameomba afundishwe. Anajua sasa: kidole hakigusi ncha, kitambaa hakitumiki mara mbili, kichwa kikichomolewa kinavaa kofia yake saa hiyo hiyo, na tundu la ruta lina kijiti chake cha kulisafishia. Anajizoeza kwenye waya wa zamani.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimezaa dikteta. Leo amemzuia mume wangu kupiga chafya sebuleni.

Jumatano, 17 Septemba

Kipenga ameomba pakiti ya nne. Nikamwambia wewe sasa ni mfano wa kuigwa. Akatazama chini, akasema asante, mluzi ukatoka.

Jumamosi, 20 Septemba

Mtoto amezaliwa asubuhi. Wa kike. Mama na mtoto wazima. Wifi alituma ujumbe kwamba atapiga saa nane mchana, akishapumzika.

Mama mkwe alioga, akavaa gauni lake la harusi za watu, akakaa mbele ya televisheni tangu saa nne. Nilikuwa nimeunganisha simu yake na televisheni ili picha itokee kubwa. Ruta ilikuwa ya kijani. Hadubini nilikuwa nayo kwa wikendi. Sanduku lilikuwa bado mlangoni, na kila nilipopita lilinigonga goti.

Saa nane kasorobo mume wangu, ambaye siku zote hayumo, akaamua kuwemo. Akataka kusogeza kabati ili mama yake aone vizuri zaidi. Akalivuta. Waya ukavutika, kichwa cha kijani kikachomoka, kikaanguka sakafuni na kuviringika kwenye vumbi la barabara lililopita chini ya mlango. Nyekundu.

Nikakimbilia pakiti ya vitambaa. Tupu.

"Nani amemaliza vitambaa?"

"Nilikuwa najizoeza," akasema mama mkwe. "Na cha mwisho nimeisafishia redio. Inastahili."

Hapo akili ikaniruka. Saa ilikuwa inakimbia, sanduku lilikuwa mlangoni, na mimi nilikuwa nimeshika kichwa chenye vumbi mkononi. Nikakileta mdomoni. Nikapuliza.

Nikainua macho.

"Umepuliza," akasema mama mkwe.

"Sijapuliza, Mama. Nimepumua."

"Umepuliza. Na umekula samaki."

 Nikampigia Kipenga, kwa sababu ndiye anayekaa jirani na ndiye niliyempa vitambaa vyangu vyote vya kiangazi. Nilimwomba aje na chochote kilichobaki. Alifika kwa pikipiki yake kabla sijamaliza kumwomba Mungu. Akaingia, akavua viatu, akamwamkia mama mkwe, "Shikamoo, Mama," akatoa mfukoni pakiti. Kisha nyingine. Kisha mbili zaidi. Zote nne, hazijafunguliwa hata kona.

"Kipenga!"

"Niliziweka kwa siku ya maana," akasema. "Naona imefika."

Kiangazi kizima alikuwa anapuliza. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, lakini mama mkwe alikuwa ameshachukua pakiti. Akaichana. Akanyoosha mkono, nami nikampa kichwa cha kijani bila kubisha. Tone la spiriti, mara moja, upande mmoja, kisha pakavu. Nikaangalia kwenye hadubini: duara jeupe. Akachukua kijiti, akasafisha tundu, akakitupa kijiti. Ndipo akarudisha kichwa mahali pake, mpaka kikatoa mlio mdogo.

Kijani.

Simu ikaita. Picha ikaja kwenye televisheni, haikuganda, haikukatika, inapita kama maji. Ila ilikuwa ukungu mtupu. Sauti ya wifi ikasema, "Mama, mbona bado sikuoni vizuri? Umepauka!"

Nikatazama simu mkononi mwa mama mkwe. Inang'aa mbele, inang'aa nyuma. Nikaigeuza, nikapangusa jicho la kamera kwa kitambaa kikavu, nikaona tabaka la mafuta ya mgando likitoka.

"Mama!" akapiga kelele wifi. "Nakuona! Mpaka mikunjo!"

"Mikunjo iache," akasema mama mkwe. "Mimi sikuoni. Kuna ukungu huko kwenu?"

"Hakuna, Mama, jua linawaka."

Mama mkwe akaitazama simu yake. Niliona wazo likimjia polepole, na niliona hakulipenda.

"Mwanangu," akasema, "simu yako huwa unaisafisha na nini?"

"Na mafuta ya mgando, Mama. Kila Jumamosi, kama ulivyonifundisha."

Mume wangu akatazama dari. Kipenga akasema anaona kama pikipiki yake inamwita, akatoka, na tukamsikia nje akicheka na mluzi juu yake. Mimi nilijiuma ulimi hadi machozi. Mama mkwe aliketi wima kabisa katika gauni lake la harusi.

"Nilikosea," akasema. Nilidhani nimesikia vibaya. "Mafuta ni ya ngozi na viatu. Tafuta kitambaa laini, kikavu. Usipulize. Pangusa taratibu. Mwenzako hapa ndiye aliyenifundisha, naye ni fundi kweli, ingawa anapuliza."

Tukasikia kitu kikisuguliwa ng'ambo ya pili ya dunia. Ukungu ukavurugika, ukabaki upande, ukaondoka. Na pale, kwenye televisheni yetu, mkubwa kuliko sisi sote, akawepo mtu mdogo mwekundu aliyelala, amekasirika usingizini. Wifi akamgeuza kichwa kidogo.

Sikio lilikuwa limekunjwa juu, kama ukurasa uliowekewa alama.

 Mama mkwe aliinuka, akaenda hadi kwenye kioo, akanyoosha kidole, akaligusa. Alisimama hivyo muda mrefu. Nililia, na sitaandika kwamba ni vumbi.

Baadaye, walipokwisha kuongea, alilichukua sanduku pale mlangoni akalirudisha chumbani mwenyewe. Alipopita kwangu akainama, akaninusa, akacheka.

Jumapili, 21 Septemba

Mjusi amerudi. Nimeondoa gundi.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua ya kwanza. Paa lake limekwisha tangu juzi na mume wangu amemrudisha kwake leo asubuhi. Amechukua sanduku, redio, na pakiti mbili za vitambaa. Kopo la mafuta ameniachia, ameandika juu yake kwa kalamu: VIATU TU.

Nyumba ni kimya. Vumbi limelala. Nimefanya usafi wa kufunga kiangazi: nimezima kila kitu, nimechomoa, nimepangusa ruta, meza, vitasa, simu. Nimefika kwenye televisheni. Katikati ya kioo kuna alama ya kidole, ya mafuta, pale lilipokuwa sikio. Mume wangu aliporudi ameniuliza kwa nini nimesafisha kioo kizima nikaacha pale.

Nikamwambia pale ni pasafi.